Taa ya Kijani Haina Masikio

Kwa wamiliki wa majengo, mameneja wa majengo na kamati za wakazi wa fleti, Dar es Salaam.
Nakala: wakaguzi wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Waheshimiwa,

Shikamooni wale mnaostahili shikamoo, na wengine habari za kazi. Mimi ni fundi wa mifumo ya tahadhari ya moto, mwaka wa kumi na saba sasa. Wengi wenu mmenipokea majengoni mwenu, ingawa si ajabu kama hamnikumbuki: ni yule dada mwenye ngazi begani, ambaye walinzi hupenda kumuuliza fundi mwenyewe yuko wapi.

Kilichonifanya nikae chini niandike ni Jumamosi moja ya mwezi uliopita. Nilikuwa kwenye jengo la ghorofa nane katikati ya mji. Chini maduka, juu yake ofisi, na ghorofa mbili za mwisho, ambazo zamani zilikuwa ofisi pia, siku hizi zimegawanywa vyumba vya kulala wageni. Jengo silitaji, maana ningelitaja lenyewe mngepumua mkidhani nyinyi mmesalimika. Meneja alikuwa ameniita nibadilishe betri za paneli, lile kasha la mapokezi linaloendesha mfumo mzima, basi. Nilifungua kasha, nikatoa betri mbili zilizovimba kama maandazi, nikafunga mpya, nikawasha. Taa moja ya kijani ikawaka, nyingine zote zikazima. Kila kitu sawa.

Nikamwomba meneja tupige king'ora dakika tatu. Akakuna kichwa. Wapangaji watalalamika, kuna kikao ghorofa ya tatu, na kwani kuna haja gani wakati taa ni ya kijani? Nikambembeleza. Mwishowe akakubali, nikamwachia mlinzi, mzee wa makamo ya baba yangu, ufunguo wa kujaribia vitufe vile vyekundu vya ukutani. Nikaanza kupanda ngazi.

Ghorofa ya kwanza na ya pili kelele zilikuwa za kutosha, hadi wenye maduka walitoka nje kutukana. Ya nne, king'ora cha upande wa lifti kinalia, cha upande wa choo kimya. Ya tano, vyote kimya. Ya sita nilisimama chini ya kimoja nikakisikia kikitoa sauti ya mbu. Ya saba na ya nane, ambako watu wanalala, nilichosikia ni ving'ora vya chini vikipandisha sauti kupitia shimo la ngazi, na redio ya mtu. Nilihesabu nikaandika kwenye daftari: ving'ora 24, tisa vimekufa, vinne vinakoroma.

Niliposhuka yule mzee alikuwa anatabasamu. "Umesikia, binti? Kinalia vizuri sana hicho."

"Mzee, wewe umekisikia ukiwa wapi?"

"Hapa hapa, kwenye kiti changu."

King'ora cha mapokezi kiko mita mbili juu ya kichwa chake. Nikabonyeza kitufe cha kurudisha mfumo kwenye hali yake, paneli ikafikiri kidogo, na ile taa ya kijani ikawaka tena kana kwamba hakuna lililotokea.

Barua hii yote ni kuhusu taa hiyo. Mnaiamini kupita kiasi, na sisi mafundi hatujawahi kuwaeleza inafanya kazi gani.

Katika mifumo ya kawaida iliyofungwa kwenye majengo mengi ya mji huu, ving'ora vimeunganishwa kwenye jozi ya waya inayotoka kwenye paneli, inapita kila king'ora, na mwisho wa safari kuna kirezista kidogo, kitu cha ukubwa wa punje ya mchele. Wakati hakuna moto, paneli hupitisha umeme mdogo sana kwenye waya hizo kwa mwelekeo wa kinyume. Ndani ya kila king'ora kuna daiodi inayoziba umeme wa mwelekeo huo, kwa hiyo king'ora hakilii. Umeme unakwenda hadi kwenye rezista na kurudi. Paneli ikiuona umerudi vilevile, inasema sawa. Waya ukikatika, au waya mbili zikigusana, inawasha taa ya njano na kuanza kulia tii-tii pale mapokezi. Moto ukitokea, mwelekeo unageuzwa, daiodi zinafunguka na ving'ora vinapiga kelele.

Tazameni sasa kilichofichika hapo. Paneli inaulizia hali ya waya. Haiulizii hali ya king'ora. King'ora kikioza ndani, kikijaa maji, sahani yake ya sauti ikipasuka, almradi waya zinapita na kuendelea, rezista ya mwisho bado inajibu na taa bado ni ya kijani. Hata paneli za kisasa zinazokijua kila kifaa kwa namba yake kwa kawaida huishia kuuliza "upo?" na kifaa kinajibu "nipo". Kuwepo na kupiga kelele ni vitu viwili, kama anavyojua mwalimu yeyote aliyewahi kuita majina darasani. Siku hizi kuna vifaa vyenye kipaza sauti chake ndani, vinavyojisikiliza vyenyewe na kutoa ripoti kwa paneli. Ni vizuri, ila majengoni mwenu sijavikuta vingi.

Ndiyo maana ukiniuliza "fundi, ving'ora vibadilishwe lini?" nami nikakuuliza "mara ya mwisho vilipigwa lini mtu akapita kila ghorofa akisikiliza?", sikwepi swali lako. Bila jibu la hilo, mimi na wewe tunapiga ramli.

Mtungi wa kuzimia moto una stika na tarehe, na kila mtu anajua kuitazama. Soko la Kariakoo lilipoungua usiku wa Julai 10, 2021, simu yangu haikupumzika kwa wiki kadhaa: mitungi, mitungi, mitungi. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kuhusu ving'ora. King'ora kiko juu, ni chekundu, kimenyamaza, na kikiwa kimenyamaza kizima na kibovu vinafanana.

Tarehe ipo lakini. Ukikizungusha king'ora na kukitoa kwenye besi yake, mara nyingi mgongoni utakuta stika au chapa ya mwaka wa kutengenezwa, au tarakimu za wiki na mwaka. Sheria au viwango havisemi king'ora kikifika umri fulani kitupwe. Watu huchanganya hapa: ile miaka 10 mliyosikia ni ya vile vitambua moshi vya majumbani vyenye king'ora chake ndani, ambavyo kiwango cha Marekani, NFPA 72, kinataka vibadilishwe miaka 10 tangu vitengenezwe. Ving'ora na taa za kumweka za majengo makubwa hupimwa kwa kazi. Kinachofanya kazi inavyotakiwa kinabaki, kisichofanya kazi kinatoka. Kanuni yangu mwenyewe, isiyotoka kwenye kitabu chochote, ni hii: kikivuka miaka 10 kwenye hewa yetu ya pwani, nakipima kila mwaka bila huruma, kikifika 15, namwambia mwenye jengo aanze kutenga fungu, hata kama bado kinalia.

Nasema hewa ya pwani kwa sababu nimeviona. Kile cha ghorofa ya sita kilichokuwa kinatoa sauti ya mbu nilikifungua palepale, nimekaa juu ya ngazi, bisibisi mdomoni. Kwanza nikakuta rangi. Mpaka rangi aliyepaka korido alikipaka na king'ora, tabaka mbili, ili kifanane na ukuta; matundu ya sauti yameziba. Nikakitoa kwenye besi. Skurubu za waya zilikuwa na ukungu wa kijani, ile kutu ya shaba inayoletwa na chumvi na unyevu, na waya umeliwa hadi karibu kukatika. Ndani, mjusi mkavu, amejikunja vizuri kabisa kwenye mdomo wa honi. Juu yake nyigu wa udongo alikuwa ameshajenga nyumba ya vyumba vitatu. Paneli ilikuwa kijani muda wote huo.

Hivyo ni vifo vya wazi. Kuna vingine visivyoonekana. Ndani ya ving'ora na taa za zamani kuna kapasita, vipande vidogo vya kutunza umeme, zinazokauka kwa joto mwaka baada ya mwaka, hasa zile zilizo karibu na dari ya bati au kwenye chumba cha jenereta. Taa za kumweka za kizazi cha zamani zinatumia mrija wa gesi ya xenon, na mrija ule unafifia taratibu. Unaiona inamweka, unaridhika, kumbe mwanga wake si ule ulionunua. Kengele za mota zile za duara, ambazo bado ziko kwenye shule na maghala, bushi zake zinakwama. Ukiigonga kwa mpini wa bisibisi inalia. Mafundi wengi huigonga, inalia, wanaandika "OK" na kuondoka.

Na kuna king'ora kizima kabisa ambacho bado kinatakiwa kubadilishwa au kuongezewa mwenzake, kwa sababu jengo limebadilika na chenyewe hakikuambiwa. Hili ndilo linaloninyima usingizi kuliko mijusi.

Majengo mengi hapa yamechorwa kwa kufuata kiwango cha Uingereza, BS 5839. Kinasema kwa sehemu za kawaida sauti ya tahadhari ifike angalau desibeli 65 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na ipite kelele za mahali hapo kwa desibeli 5. Chumba cha kulala ni habari nyingine: pale panatakiwa 75, kipimo kikichukuliwa kichwani mwa kitanda, milango ikiwa imefungwa. Wamarekani nao wanataka 75 kwenye mto wa kulalia. Sasa turudi ghorofa ya saba. Tuseme king'ora cha koridoni ni kizima, kipya, kinatoa desibeli 100 ukiwa mita moja. Sauti hupungua kama desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili. Mita mbili ni 94, mita nne 88, mita nane 82. Mlango wa chumba ukifungwa, ule wa kawaida tu wa mbao, unakula 20 hivi, na ule mzito wa kuzuia moto unakula kama 30. Mgeni aliyelala mita nane kutoka kwenye king'ora, mlango umefungwa, anapata 62 kwa hesabu nzuri, 52 kwa mbaya. Na kiyoyozi kinanguruma juu ya kichwa chake.

Ghorofa hiyo ilipokuwa ofisi, king'ora kile kilitosha, maana mhasibu anafanya kazi mlango wazi, macho wazi. Walipoweka vitanda, walibadilisha mapazia, mabomba, luku, wakaweka televisheni ukutani. King'ora kikabaki kilekile. Hapo huhitaji fundi akuambie kimeharibika. Siku ulipoingiza kitanda cha kwanza, muda wake uliisha.

Moto wa usiku unawakuta watu wamelala. Septemba 2024 kule Nyeri, Kenya, wavulana 21 walipoteza maisha kwenye bweni la Hillside Endarasha, na nadhani hakuna mzazi Afrika Mashariki aliyelala vizuri usiku uliofuata. Wenye shule za bweni, nawajumuisha kwenye barua hii hata kama juu nimeandika majengo ya mjini. Na kuna jambo ambalo utafiti ulikwishaliweka wazi: ile sauti nyembamba kali ya ving'ora vya kawaida, ya karibu hezi 3,000 (mitetemo 3,000 kwa sekunde), watoto wengi wanailalia, na waliokunywa, na wazee ambao masikio yao yameanza kupoteza sauti nyembamba. Sauti nzito ya hezi 520, iliyo karibu zaidi na honi ya lori kuliko filimbi, inawaamsha zaidi. Marekani waliiweka kwenye kiwango chao kwa sehemu za kulala tangu 2014. Ukibadilisha ving'ora vya hosteli au gesti mwaka huu, usinunue tena filimbi.

Kuta mpya nazo ni vilevile. Unagawa ofisi moja kuwa nne kwa jipsamu, king'ora kinabaki upande mmoja wa ukuta. Unaleta jenereta kubwa zaidi, unafungua studio ya mazoezi yenye muziki, unageuza stoo kuwa karakana ya kushona. Kila mara hesabu ya sauti inabadilika. Kifaa cha kupimia sauti ni kitu cha kushika mkononi na hakina bei ya kutisha. Programu ya simu inaweza kukupa picha ya haraka, ila usiilete kama ushahidi.

Tukiwa kwenye karakana ya kushona: ghorofa ya tatu ya jengo lile kuna fundi cherehani kiziwi. Nilipopita na kelele zile za kupasua kichwa, wenzake wameziba masikio, yeye alikuwa ameinamia suti ya mtu, anakunja pindo. Akanyanyua kichwa kwa sababu waliomzunguka walisimama. Nikamuuliza kwa ishara zangu mbovu: ukiwa peke yako je? Akacheka, akaniandikia kwenye karatasi ya vipimo: "Harufu."

Yaani anategemea pua. Pale ghorofani kuna taa moja ya kumweka, iko juu ya mlango wa lifti, na kati yake na meza yake kuna kabati lililojaa vitambaa mpaka darini. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010. Taa yenye kumweka mara moja au mbili kwa sekunde, iliyowekwa inapoonekana, si anasa ya hoteli. Inatakiwa chooni pia, na popote mtu anapoweza kuwa peke yake, na kwenye chumba cha jenereta ambako hata mwenye masikio mazima amevaa vizibo. Kama jengo lako lina ving'ora vitupu visivyo na taa, hiyo peke yake inatosha kuanza kuzungumza habari ya kubadilisha, maana vipo vinavyokuja vyote viwili kwenye kifaa kimoja.

Sasa upande wa pili, na wenzangu wa kazi watanisamehe. Si kila ukimya ni ugonjwa wa king'ora. Nimekuta kotesheni za kubadilisha ving'ora vya jengo zima, mamilioni, wakati kilichokuwa kimekufa ni betri. Mfumo unatakiwa ukae saa 24 bila umeme wa Tanesco na bado ubaki na nguvu ya kupiga ving'ora nusu saa. Betri ya miaka sita kwa kawaida haiwezi. Ukijaribu mfumo umeme ukiwepo, kila kitu kinalia. Ukikata swichi kuu, vinalia sekunde kumi kisha vinafifia kimoja kimoja kama kwaya iliyochoka. Huyo ni mgonjwa wa betri. Mwombe fundi wako afanye jaribio lile umeme ukiwa umekatwa, na usimame pale umtazame.

Mara nyingine ni waya. Mfumo ni wa volti 24, lakini umeme unaochakaa njiani ni wa kweli. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 ukienda mita 150 na kurudi una ukinzani wa karibu omu 3.6. Vifaa vya mwisho vikivuta ampea moja kwa pamoja, volti tatu na ushee zimepotelea njiani. Betri zikiwa zimeshashuka hadi 21, vya mwisho vinapata 17. Vitalia, lakini kinyonge. Jengo likionyesha dalili kwamba ving'ora vya karibu na paneli ni vikali na vya mwisho wa mstari ndivyo vinavyokoroma, mwambie fundi apime volti pale mwisho vikiwa vinalia, kabla hajakuandikia bei ya chochote. Wakati mwingine kugawa mstari mmoja kuwa miwili kunatosha. Wakati mwingine kukifuta na kukaza skurubu kunatosha. Mjusi akitolewa mapema, king'ora kinapona.

Fundi asiyeweza kukuambia "hiki kiache" usimwamini akisema "hiki kitoe".

Na mkibadilisha, msibadilishe kwa kushonea viraka. Nimeingia jengo lenye aina nne za ving'ora: ghorofa moja kinapanda na kushuka, nyingine kinapiga pi-pi-pi kama lori linalorudi nyuma, nyingine kengele, nyingine sauti inayofanana kabisa na ile ya lifti iliyokwama. Mpangaji mmoja aliniambia yeye hutofautisha hivi: ikilia ya kengele anajua ni mapumziko ya shule ya jirani. Sauti ya moto iwe moja jengo zima. Taa za kumweka nazo, zikiwa mbili au tatu mtu anaweza kuziona kwa pamoja, zimweke kwa pigo moja. Zikipishana zinaweza kumdhuru mwenye kifafa kinachoamshwa na mwanga. Kama hela hazitoshi jengo zima, na mara nyingi hazitoshi, basi nunueni aina moja itakayobaki sokoni, anzeni na ghorofa wanazolala watu, kisha zenye watu wengi, maofisi yafuate. Mkibadilisha paneli, muulizeni fundi kabla ya kulipa kama ving'ora vya zamani vinaelewana nayo. Nimeona paneli mpya inayong'aa imefungiwa ving'ora vya mwaka 2003, na kila mmoja anamlaumu mwenzake.

Ndugu wakaguzi wa Zimamoto, kwenu nina ombi moja. Sheria ya 2007 inawapa mamlaka ya kuingia na kukagua. Mkija, pamoja na mitungi na milango ya dharura, naomba muulize karatasi ya vipimo vya sauti: chumba kwa chumba, milango imefungwa, tarehe na jina la aliyepima. Siku mtakapoanza kuiulizia karatasi hiyo, mameneja wataanza kuniulizia mimi, na sitaficha kwamba nitanufaika. Lakini na fundi cherehani atanufaika.

Mameneja, ombi langu kwenu halihitaji hata fundi. Kiwango kilekile cha Uingereza kinataka king'ora kijaribiwe kila wiki, siku na saa ileile, kila wiki kwa kitufe tofauti. Chagueni, tuseme Jumatano saa nne asubuhi. Wapangaji watalalamika wiki mbili za kwanza, ya tatu wataitumia kama saa ya chai. Kila ghorofa iwe na mtu mmoja wa kutuma ujumbe: "nimesikia" au "sijasikia". Mlinzi aandike kwenye daftari. Mwaka mmoja wa daftari hilo utawaambia ni ving'ora gani vibadilishwe, na kwa mpangilio gani, vizuri kuliko mimi na mita yangu. Na kila miezi sita fundi apite, afungue, asafishe, apime.

Jambo dogo la mwisho kuhusu paneli: kuna kitufe cha kuzima ving'ora, na kuna taa ya njano inayowaka mtu akivizima na kusahau. Kwenye majengo mawili mwaka huu nimekuta taa hiyo imebandikwa kipande cha utepe mweusi kwa sababu "inamsumbua mlinzi". Kengele za uongo zinachosha, naelewa. Nipigieni nitafute kinachozileta. Msizibe jicho.

Jengo lile la ghorofa nane nitarudi Jumamosi ijayo. Meneja amekubali tuanze na ya saba na ya nane. Nimemwomba mambo mawili. Kwanza, siku ya jaribio yeye mwenyewe asikae mapokezi na yule mzee. Alale kitandani chumba cha mwisho wa korido, afunge mlango, awashe kiyoyozi, kisha tupige. Pili, ving'ora tutakavyotoa tuvivunje tukiwa pale. Nasema hivyo kwa sababu mwaka juzi nilifungua king'ora kwenye jengo "jipya" la fleti, nikakuta mgongoni maandishi yangu mwenyewe ya kalamu nyeusi: "KIBOVU. KITUPWE." Kilikuwa kimepakwa rangi nyekundu upya, na taa ya paneli ilikuwa ya kijani.

Wenu katika kazi,
Fundi wenu, mwenye ngazi
Dar es Salaam